Simoni Yuko Hai na Anakula Tambi

Jumatatu, 10 Mei 2021

Habari kubwa. Constant Kamate amepata sehemu ya tisa ya Papa Taa. Ametundika tangazo mbele ya ukumbi wake hapa Majengo: Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa kumi na moja jioni. Ameandika kwa rangi nyekundu, na hakuniuliza.

Niandike jambo hili kwa utaratibu, maana wajukuu hawajui historia. Papa Taa ni mzee wa sinema anayebeba taa ya karatasi na kuwarudisha makaburini wafu waliotoroka. Filamu zenyewe zinatoka Uchina, au kwa majirani zake. Maandishi ya kwenye kaseti hakuna aliyeweza kuyasoma, hata jina la Papa Taa tulimpa sisi wenyewe. Sehemu ya kwanza ilifika Goma mwaka 1986. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, kijana mwenye sauti. Mwenye ukumbi akaniomba nisimame kando ya televisheni niwaeleze watu wanachosema wale wa kwenye kioo. Nikasimama. Nimesimama hapo kwa sehemu nane.

Lugha yao sikuwahi kujifunza. Sikuona haja. Mtu akikunja uso, amekasirika. Mwanamke akijifunika kwa nywele, ana siri. Yaliyobaki ni kazi ya mwalimu.

Constant ni mfanyabiashara wa simu na chaja, na ukumbi wake una projekta. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa benchi la mbele. Constant mwenyewe alinyonya katika ukumbi wetu wa zamani, huku mama yake akilia kwa ajili ya Papa Taa. Bila shaka atakuja kuniita nitafsiri. Nimepiga pasi koti.

Jumatano, 12 Mei

Hakuja kuniita. Nimekwenda mwenyewe, nikamwambia kwamba ni desturi ya mkalimani kutazama filamu kabla ya watu. Si kweli. Sikuwahi kutazama hata moja kabla.

Constant akacheka. Akasema safari hii hakuna kazi ya mkalimani, sinema imetiwa sauti za Kifaransa, naye amenunua spika mbili ndefu kama milango. Hata hivyo alilionea koti huruma. Akanikalisha juu ya kreti la bia, akaniwashia kompyuta.

Kazi mbovu! Papa Taa amezeeka, na amepaka nywele rangi. Taa ya karatasi hakuna, anatumia tochi ya simu. Wafu wametengenezwa na kompyuta, wanayumba kama nguo kwenye kamba. Hata kuku hawezi kuwaogopa. Mama Nywele, ambaye tangu sehemu ya kwanza nimewaambia watu kwamba ni muuaji, kumbe ni karani wa Papa Taa, na ni mtu mwema. Nusu nzima ya filamu ni magari yakifukuzana. Nilifikiria hali ya watu waliotembea kwa miguu kutoka Ndosho katika mvua kuja kuona sehemu ya pili, nikaona aibu kwa niaba ya Uchina.

Hayo yote ningeyavumilia.

Karibu na mwisho Papa Taa anafungua mlango wa mgahawa. Mezani kuna mtu ameketi, ana mvi na tumbo, anakula tambi. Papa Taa anamuuliza kwa Kifaransa kama biashara inakwenda. Mtu yule anacheka. Nikakijua kicheko kile.

Simoni! Simoni aliyekufa katika sehemu ya nne. Simoni tuliyemkalia matanga.

Nikaomba turudishe nyuma. Tukarudisha. Tambi zile zile. Constant hakuona ajabu yoyote. Akasema yule ni mpishi.

Nyumbani sikula. Mama Aurélie, mke wangu Eugénie, akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akaweka sufuria chini, akasema neno moja tu:

“Na Domitille?”

Alhamisi, 13 Mei. Kupaa kwa Bwana

Domitille Mukashyaka anakaa nyuma ya nyumba yetu. Mwaka 1998, uasi wa pili ulipoanza, mume wake Nsanzimana alipanda lori kwenda Masisi kununua maharagwe, na hakurudi. Wengine walisema amechukuliwa. Wengine walisema ameonekana Walikale. Mwili haukuletwa. Na siku zile kumlilia mtu aliyechukuliwa kulikuwa sawa na kumtaja aliyemchukua, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuanza kilio. Domitille akabaki na macho makavu. Kila magari ya Masisi yalipofika alikuwa kando ya barabara, akiwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja.

Sehemu ya nne ilikuja wakati huo. Eugénie alimleta Domitille ukumbini karibu kwa kumburuta. Katikati ya filamu mashine ikala kaseti. Tukauvuta utepe kwa kalamu, tukakata palipoharibika, tukaunganisha kwa gundi. Picha iliporudi, Simoni hakuwepo tena. Simoni alikuwa rafiki wa Papa Taa, mtu wa kuchekesha, kipenzi cha ukumbi mzima. Watu wakaanza kuniuliza yuko wapi. Mwalimu hawezi kusema hajui. Nikatazama benchi la mbele, nikamwona Domitille.

Nikasema: Simoni amekufa. Mto umemchukua. Mwili haujaonekana, na Papa Taa anasema tumlilie hivyo hivyo.

Kwenye kioo Papa Taa alikuwa ananunua kuku. Haidhuru.

Domitille akapiga yowe ambalo sijapata kusikia mfano wake. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume. Tukatoka ukumbini tukilia, tukaenda mpaka uwanjani kwake, na matanga ya Simoni yakaanza hapo hapo. Marehemu Kamate alileta mfuko mzima wa sukari. Maharagwe yalipikwa, moto ukawashwa, nyimbo zikaimbwa. Kesho yake askari wa waasi waliingia kuuliza nani amekufa. Nikajibu ni Simoni. Wakauliza Simoni gani. Nikasema Simoni wa Papa Taa. Mkubwa wao alinitazama, nami nikaanza kusali kimoyomoyo. Kisha akaniuliza amekufaje, kwa sababu yeye aliishia sehemu ya tatu. Nikamweleza habari ya mto. Akavua kofia yake, akaomba nafasi benchini, akala maharagwe pamoja nasi.

Jina la Nsanzimana halikutajwa, wala siku ile wala baadaye. Lakini Domitille hakusimama tena barabarani. Alianza kukaanga mandazi, na kabla mwaka haujaisha tulimsikia akicheka.

Ile ndiyo kazi yangu bora. Sasa mtengenezaji filamu mmoja asiye na adabu amemkalisha Simoni mezani na bakuli lake. Domitille akimwona yuko hai, ataanza kungoja upya, na umri wake sasa si wa kusimama barabarani.

Hataiona filamu hiyo. Mimi Akonkwa nimesema.

Jumapili, 16 Mei

Mpango wa kwanza. Nimemwona Padre Damien baada ya misa ya kwanza. Nikamweleza kwa uzito kwamba Constant atawaonyesha waamini uchawi, wafu wakitembea, na tena mkesha wa Pentekoste. Nikapendekeza aikataze altareni. Alinisikiliza huku amefumba macho, nikadhani anasali. Kisha akauliza ni sehemu ya ngapi.

Nikasema ya tisa.

Padre akasimama. Kumbe mama yake alimbeba mgongoni mpaka sehemu ya pili, na alipokuwa seminarini yeye na wenzake walitoroka kuja kuona ya tano. Katika misa ya pili alitangaza kwamba masifu ya jioni ya Jumamosi yatasaliwa mapema, ili pasiwe na mtu wa kuchelewa mahali. Watu wakapiga makofi kanisani.

Ameniomba nimwekee nafasi mbele.

Jumanne, 18 Mei

Mpango wa pili: kumwondoa Domitille mjini. Binti yake Nishimwe ameolewa kule Lac Vert. Nimekwenda kwa pikipiki, mgongo wangu unajua. Nikamwambia Nishimwe kwamba mama yake amechoka, amekonda, amwalike Jumamosi apumzike karibu na maji. Nishimwe akauliza kwa nini Jumamosi. Nikasema hewa ya Jumamosi ni nzuri.

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi. Akampigia mama yake simu nikiwa hapo hapo. Mama akajibu kwamba Jumamosi haiwezekani kabisa, kuna Papa Taa, afadhali wao ndio waje.

Wanakuja. Nishimwe, mume, watoto, na mama mkwe ambaye hajaona sehemu hata moja. Nilikwenda kupunguza mtazamaji mmoja, nimerudi na kabila. Tena nimeombwa nimsimulie mama mkwe sehemu zote nane, ili asije akapotea.

Nilipofika kwenye kifo cha Simoni, mama mkwe alilia. Nilikuwa nimesimulia vizuri.

Ijumaa, 21 Mei

Mpango wa tatu. Nimemwomba Constant afunge spika, mimi nitafsiri kwa mdomo, kwa ajili ya wazee wasiojua Kifaransa. Akasema wazee watatazama picha. Nikamwambia picha peke yake hupotosha. Akacheka tena, kisha akaniinamia sikioni:

“Muzee, wakati yako ilikwendaka na kaseti. Na papa yangu alitoa mufuko muzima ya sukari kwa matanga ya mupishi. Kesho watu watacheka.”

Kwa hiyo ameuliza habari, na amejua nusu. Nusu nyingine sikuweza kumwambia, maana ni ile ambayo hakuna aliyewahi kuitaja.

Nikaondoka. Miguu ikanipeleka mjini, mahali palipokuwa na ukumbi wetu. Hakuna kitu. Mwaka 2002 lava ya mlima wetu wa moto ilipita pale, na leo juu ya jiwe lile kuna duka la rangi za nyumba. Sehemu ya sita imo chini yake, ndani ya mashine, kwa sababu tulikimbia kabla haijaisha. Mwisho wake niliusimulia kando ya barabara huko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, watu wamekalia mabunda yao. Nilisimama mbele ya duka mpaka mwenye duka akaniuliza nataka rangi gani.

Nilikumbuka mbao za mabenchi zilizotuchoma kwa vibanzi. Harufu ya mafuta ya jenereta. Karanga ndani ya karatasi za daftari, ambamo mara nyingi niliona makosa ya wanafunzi wangu mwenyewe. Wakati wote huo walikuja askari wa serikali, wakaja waasi, wakaondoka, wakaja wengine, na kila kundi liliuliza kwanza nani mwenye mji, na baadaye kidogo Papa Taa amefikia wapi. Sikuhitaji kipaza sauti. Watu walinyamaza wenyewe.

Mama Aurélie anasema niende tu kwa Domitille, niketi, nimwambie ukweli kabla hajauona. Nimemjibu kwamba huo si mpango.

Nimebaki na tumaini moja, umeme. Kila Jumamosi jioni unakatika. Nautegemea.

Jumapili, 23 Mei. Pentekoste

Tuko hai. Naandikia uwanjani, chini ya turubai.

Umeme haukukatika. Ulisimama imara jioni nzima, kwa mara ya kwanza tangu nistaafu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikaa karibu na Domitille, koti begani, nikiwa na mpango wa dakika ya mwisho: mlango wa mgahawa ukifunguliwa, nisimame mbele yake nijifanye nimeshikwa na kiuno. Filamu ikaenda. Watu walianza kwa kupiga makofi, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuguna. Mama Nywele alipompa Papa Taa hesabu za mwezi, mzee mmoja nyuma yangu aliuliza kama amelogwa. Magari yalipofukuzana, wanawake walianza kuongea habari za bei ya makaa. Nilisikitika. Hata nikiwa adui wa filamu ile, nilisikitika. Watu wale walikuwa wamengoja tangu sehemu ya nane, mwaka 2012.

Mlango wa mgahawa ukafunguliwa. Nikasimama, nikashika kiuno, kisha nikatanua mikono nimzibie vizuri.

Ukumbi mzima ukaniambia nikae. Sikukaa. Domitille akasogea kidogo kushoto, akatazama pembeni ya koti langu, akamwona.

Mtu akasema, taratibu, “Simoni.”

Ikasikika sauti ya tambi tu, katika spika zote mbili.

Kisha vurugu. Mmoja akasema filamu ni bandia, Constant ameuziwa. Mwingine akasema huyo ni mzimu wa Simoni. Mwingine akamjibu kwamba mzimu hauoti tumbo. Mama mkwe wa Nishimwe alilia kwa mara ya pili wiki hii. Padre Damien akasimama, akasema yeye mwenyewe alikuwa mtoto katika matanga yale na alikula. Ndipo Constant akapanda juu ya kiti, akatangaza kwamba yule ni mpishi, tangu zamani alikuwa mpishi, na Mwalimu amewadanganya tangu sehemu ya kwanza.

Watu wakamwambia aheshimu marehemu.

Sijawahi kupata siku kubwa kama hiyo katika kazi, na sikuweza kuifurahia. Domitille alikuwa bado anatazama kitambaa cheupe, ingawa picha ilikwisha.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na mtu akasema mbingu ni nyekundu upande wa mlima.

Sitaeleza. Walioona 1977 na 2002 wanajua, na wasiojua sasa wamejua. Tulikimbia magharibi mpaka Ndosho, tukakaa chini katikati ya watu na magodoro. Asubuhi wakasema lava imesimama Buhene, pembezoni mwa mji, tukarudi. Wengine hawakuwa na nyumba ya kurudia. Tuliwaombea.

Kwenye foleni ya maji wanawake wawili wanasema mlima umekasirika kwa sababu tulimkalia matanga mtu aliye hai. Naandika hapa wazi kwamba kuhusu mlima sikushirikishwa.

Domitille alitembea mbele yangu njia nzima. Hakugeuka.

Jumatano, 26 Mei

Ardhi inatetemeka mchana na usiku. Ukuta wa ukumbi wa Constant umepasuka kutoka juu hadi chini. Hakuna anayelala ndani.

Leo nimemwona Domitille barabarani. Amesimama pale yanaposimama magari ya Masisi. Mahali pale pale. Kitenge amekaza kiunoni, anawatazama wanaoshuka, mmoja mmoja. Nilijificha nyuma ya kibanda cha mkate. Mtu mzima, mwalimu mstaafu, nyuma ya mkate.

Nimemwambia Mama Aurélie. Amesema niende nikaongee naye. Nimesema nahitaji kwanza mpango. Ardhi ikatikisika, sufuria zikaanguka. Mama Aurélie akasema hata ardhi imenichoka.

Mpango wa nne uko tayari. Nitamweleza Domitille kwamba sehemu ya tisa ilipigwa zamani, kabla ya sehemu ya nne, ikachelewa kutoka. Ndiyo maana Simoni yuko hai humo. Na mvi si mvi. Ni unga. Mpishi hujipaka unga kichwani bila kujua.

Naona ni kazi nzuri sana.

Ijumaa, 28 Mei. Sake

Jana wametuamuru tutoke mjini. Mji wote katika barabara moja. Magodoro, mbuzi, wagonjwa juu ya migongo, watoto wamefungwa kamba wasipotee. Constant alikuwa mbele yetu kidogo anasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, projekta na spika zake amezifunika kwa blanketi la mke wake. Kilima kilimshinda mara nyingi. Hakuna aliyemsaidia. Kila aliyempita alimwambia kitu kuhusu Simoni.

Tumepewa darasa la shule. Domitille yumo, pamoja na watu wa Nishimwe. Alikuwa amepata jiko na sufuria kabla ya mtu yeyote, akawa anapika viazi. Nikaketi karibu naye, nikakohoa, nikaanza mpango wa nne. Nilieleza filamu zinavyopigwa na zinavyocheleweshwa. Nilifika kwenye unga. Darasa zima lilikuwa linasikiliza, na nilijisikia kama zamani.

Aliniacha nimalize. Akageuza viazi.

“Mwalimu, wacha unga,” akasema. “Nilimuona. Anaikala, anakula, iko na tumbo. Nikasema, basi, kama Simoni alirudia, acha na mimi niende kuangalia. Nikaenda mu barabara. Gari ya Masisi ikafika, watu wakashuka. Wote vijana, ingine hata haikuzaliwa ile mwaka. Nikajiuliza, sasa bwana yangu akishuka hapa, namuambia nini? Nitamuambia, papa, umechelewa. Tulikulilia, watu walikula, hata ile musoda mukubwa ya waasi alikula. Matanga ya Nsanzimana ilikwisha. Ilikuwa muzuri.”

Tangu mwaka ule, jina lile halikuwa limetoka kinywani mwa mtu mbele ya watu. Nishimwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mama Aurélie akamshika. Kisha Domitille akaanza kucheka, kidogo kidogo, kuhusu ule mgongo wangu na kiuno nilichokishika, akasema hajawahi kuona mtu anaumwa kiuno kwa kunyoosha mikono yote miwili pembeni. Darasa zima likacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Constant alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alisimama na mkono juu ya blanketi la mashine zake, hajui aingie au arudi nje. Domitille akamwita.

“Weye Constant, kuya kula. Papa yako alileta sukari kwa bwana yangu. Haikukuwa ya mupishi.”

Akaingia. Akapewa sahani. Akala ameinamia viazi vyake, na alipomaliza akaosha sufuria yote bila kuambiwa.

Nasikitika kwamba habari ya unga haikupata nafasi yake. Nitaitunza.

Jumatatu, 7 Juni. Majengo

Tuko nyumbani tangu wiki iliyopita. Nyumba imesimama. Dari imeanguka juu ya kitanda, upande wangu.

Domitille amefungua tena biashara ya mandazi asubuhi hii hii. Watu wa Nishimwe wamebaki kwake wiki nzima, na jioni wanakaa nje wakimwuliza habari za babu yao, naye anawasimulia: alivyotembea, alivyopenda pilipili, alivyoogopa mbwa. Nimejaribu mara mbili kuongeza jambo dogo katika masimulizi hayo. Mara zote mbili ameniambia ninyamaze.

Mchana Constant amekuja nyumbani. Kofia mkononi. Aliniita Mwalimu, si Muzee. Ukuta amebana kwa mbao na anataka kufungua, lakini watu wamemwambia hawataki tena sinema inayojisemea yenyewe. Wanataka nisimame mimi. Nikamwacha angoje kidogo, nikanywa chai. Kisha nikatoa masharti: nitasimama upande wa kulia, spika zitafungwa, na hakuna mtu kuniletea filamu ya Kifaransa.

Akasema amekubali, ila Jumamosi hii hana filamu. Ana mpira wa Ulaya tu. Nikamjibu kwamba mpira ndio unaohitaji mkalimani kuliko kitu chochote. Watu wanakimbia muda wote ule na hakuna anayeeleza kwa nini. Mama Aurélie amesema mpira ni mpira, utatafsiri nini. Nikamwomba aongeze chai. Ameshazoea.

Constant ameniachia picha za wachezaji katika simu, nijiandae. Nimezitazama moja moja kwa utulivu. Wengi ni vijana wa kawaida. Lakini mlinda mlango wa wageni amenihuzunisha. Ana macho ya mtu aliyeacha jambo nyumbani, na kifua chake hakinipendezi hata kidogo.

Sidhani kama atafika mapumziko.